Aliyeshika Mashine ya Kunyolea

Soizic Kerbrat alikuwa na miaka kumi na tisa alipopanda treni kwenda Paris kwa mara ya kwanza. Ilikuwa Agosti ya mwaka 1974. Alikuwa na rafiki yake Gaïd, kila mmoja na begi lake la mgongoni na jozi moja ya viatu. Walitoka Douarnenez, mji wa viwanda vya dagaa wa kopo huko Bretagne, magharibi mwa Ufaransa, ambako harufu ya samaki haimtoki mtu nguoni hata akihama. Tangu shule zifungwe walikuwa wakipanga dagaa makopo kwa makopo, vidole vimechubuka kwa chumvi, ili wapate siku saba tu za kuwa watalii kama watoto wa wenye nacho.

Mama yake, Léontine, alikuwa na saluni ndogo karibu na bandari. Mumewe, tarishi wa posta, alifariki Soizic akiwa bado mdogo, na tangu hapo mama na binti waliishi wawili kwenye vyumba vya juu ya saluni. Mji mzima ulimsifu Léontine kwa mikono yake mepesi. Jumatatu, siku ya kufunga kazi, hakupumzika. Alikwenda kwenye nyumba ya wazee kuwaosha vikongwe nywele bila senti, akiwapasha habari za mji mpaka wanacheka meno yanadondoka. Watu walimwambia Soizic, "Mama yako ni mtu wa peponi yule." Ujanani aliwahi kufanya kazi Paris, wakati wa vita, miaka minne mizima. Lakini ukimuuliza habari za Paris alikujibu kwa maneno matatu: "Njaa na kelele." Kisha akageukia kazi yake.

Basi wasichana walifika, na Paris ikawapokea kwa jua. Walipanda Mnara wa Eiffel kwa miguu kwa sababu lifti ilikuwa ghali, Gaïd akitukana kila ngazi kwa jina lake. Waliingia Notre-Dame, Soizic akatazama juu kwenye vioo vya rangi mpaka shingo ikamuuma, na bado hakutaka kushusha kichwa. Walikula mkate na soseji ukingoni mwa mto Seine, miguu ikining'inia juu ya maji, wakapungia kila boti iliyopita. Kwenye mkahawa mmoja mhudumu aliisikia lafudhi yao akacheka.

"Mmetoka Bretagne nyie? Mmekuja kutafuta kazi za ndani?"

"Tumekuja kuona kama wanaume wa Paris wana adabu," Gaïd akamjibu. "Tumeshapata jibu, lete kahawa."

Siku ya nne ikanyesha mvua ya kuwafukuza paka. Walikuwa katika mtaa wasioujua, nyuma ya kituo cha treni cha mashariki, wakakimbilia jengo la kwanza waliloliona lina mlango wazi. Zilikuwa ofisi za mtaa, na kwenye ukumbi wa chini palikuwa na maonyesho ya picha: miaka thelathini tangu Paris ikombolewe kutoka mikononi mwa Wajerumani. Kuingia ni bure.

"Bure na pakavu," Gaïd akasema. "Mungu anatupenda."

Picha za mwanzo zilikuwa za furaha. Bendera madirishani, wasichana wamepanda juu ya vifaru wakiwabusu askari, watoto wamebebwa mabegani. Soizic alitembea polepole, nywele zikimchuruzika maji. Gaïd, ambaye hajawahi kusoma maelezo ya kitu chochote, alitangulia mpaka kona ya mwisho. Kutoka huko akaita kwa sauti iliyofanya watu wageuke.

"Soizic! Njoo upesi! Njoo ujione!"

Soizic akaenda huku akicheka.

Picha ilikuwa kubwa kama mlango. Ilionyesha kiti cha saluni kilichotolewa nje barabarani. Juu ya kiti ameketi mwanamke, gauni limechanwa begani, nusu ya kichwa ina nywele na nusu ni kipara, macho yake hayamtazami mtu. Kumzunguka ni umati: wanaume waliofunga mikononi vitambaa vya wapiganaji wa ukombozi, wanawake wenye vikapu, wote vinywa wazi kwa kicheko. Na nyuma ya kiti amesimama msichana mwenye aproni nyeupe. Mkono wa kulia umeshika mashine ya kunyolea. Wa kushoto umekikandamiza kichwa cha yule mwanamke, kama mtu anavyolikandamiza tikiti asije akakosea kulikata.

"Ulishawahi kuja Paris kabla hujazaliwa, shoga," Gaïd alikuwa akisema. "Hebu ona pua hiyo. Ona nyusi. Hata pengo la meno, jamani, hata..."

Kicheko kilimkauka mdomoni. Alitazama picha, akamtazama rafiki yake, akaitazama tena picha.

Soizic hakuwa ametazama pua wala nyusi. Alitazama chanuo. Yule msichana alikuwa anacheka huku amelibana chanuo kwa meno, limelala kimshazari kama mfupa kinywani mwa mbwa. Tangu azaliwe Soizic alikuwa amemwona mtu mmoja tu duniani anayeshika chanuo hivyo akiwa kazini, na alimwona kila siku ya Mungu. Kisha akaona kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kile kilichopinda. Mama yake alikivunja utotoni kwa mlango wa zizi.

Chini ya picha palikuwa na maandishi, na ilimbidi ayasome mara tatu kabla hayajaingia akilini: "Mfanyakazi wa saluni akimnyoa mwanamke aliyetuhumiwa kuwa na mpenzi Mjerumani. Agosti 1944." Kisha jina la mtaa. Majina ya watu hayakuwepo.

Pembeni yao alisimama mzee mmoja mwenye kofia, na mkewe. Mzee akasema kwa sauti ya chini, "Katika wote hawa, yule msichana ndiye anayenitisha. Mtazame anavyofurahi." Akageuka kupisha watu, macho yake yakakutana na uso wa Soizic. Akatazama picha. Akamtazama tena. Akavua kofia taratibu kama mtu aliyefika msibani, akamshika mkewe mkono, wakaondoka.

Hapo Soizic alifanya jambo ambalo baadaye hakuweza kulieleza. Aliipa picha mgongo, akaisogelea mpaka mabega yake yakagusa ukuta, akasimama hapo kuiziba. Watu walikuja, wakasubiri, wakanung'unika.

"Binti," mlinzi wa ukumbi akamwambia, "sogea na wengine waone."

"Hapana kitu cha kuona," akajibu.

Gaïd ndiye aliyemshika kiuno akamtoa nje. Walisimama kwenye mvua waliyoikimbia muda mfupi uliopita, na hakuna aliyekumbuka kutafuta pa kujikinga.

"Labda walimlazimisha," Gaïd akasema. "Vita vile, shoga. Watu walishikiwa bunduki."

"Labda."

"Si labda. Lazima. Mama Léontine? Yule anayelia akiona kuku anachinjwa?"

Soizic alilikamata neno hilo, walimlazimisha, akalikumbatia njia nzima ya kurudi hosteli. Lakini kila alipofumba macho aliiona picha, na katika picha hapakuwa na bunduki iliyomwelekea mama yake. Asubuhi alifunga begi. Zilibaki siku tatu. Alimwambia Gaïd abaki amalizie matembezi.

"Nibaki nitazame nini?" Gaïd akasema, naye akafunga lake.

Léontine alishangaa kuwaona. Alikuwa na mteja kwenye beseni, povu mpaka viwiko. "Mbona mapema? Paris imewafukuza?"

"Tumbo," Soizic akasema, akapanda juu.

Siku mbili alikaa akimtazama mama yake kama mtu anayemtazama mpangaji mpya. Aliiangalia mikono ile ikikata mkate, ikikunja taulo, ikipaka siagi kwenye chapati za ngano nyeusi, na kila mara alikiona kidole kilichopinda. Siku ya tatu, saluni imefungwa na mwanga bado unaingia dirishani, Léontine alimwambia, "Njoo nikupunguze hapo kisogoni, umekuwa kama mbuzi." Soizic akaketi kwa mazoea. Mama akabana chanuo kwa meno. Mashine ikanguruma.

Ilipomgusa shingoni Soizic aliruka mpaka kiti kikaanguka.

"Usiniguse!"

Léontine alisimama na mashine ikiendelea kunguruma mkononi.

"Nimeiona picha, Mama. Paris. Nimeiona ile picha."

Léontine hakuuliza picha ipi. Alizima mashine. Akatoa chanuo mdomoni, akaliweka mezani sambamba na mkasi, na alipouliza, sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza bei ya viazi.

"Ni kubwa kiasi gani?"

"Kama mlango."

Mama akakiinua kiti, akakikalia yeye mwenyewe, kile cha wateja, akiwa ameelekea kwenye kioo. Akaongea na binti yake kupitia kioo, hakugeuka hata mara moja.

Alifika Paris akiwa na miaka kumi na mitano, alisema, msichana wa shamba asiyejua Kifaransa cha mjini. Bwana Armand, mwenye saluni, alimchukua afagie nywele. Wateja walimcheka jinsi anavyotamka. Walimwita Kuku wa Bretagne. Walitoa sauti za kuku akipita na ufagio. Mteja mmoja tu hakumcheka, Odette, mshonaji aliyekaa ghorofa ya tatu jengo la pili. Odette alimletea sabuni. Wakati ule sabuni ilikuwa dhahabu.

"Sabuni yenyewe aliipata kwa yule Mjerumani wake. Nilijua. Mtaa mzima ulijua. Niliogea ile sabuni miaka miwili."

Kisha mji ukakombolewa. Siku iliyofuata, asubuhi, umati ukamleta Odette mlangoni kwao, kwa sababu saluni ilikuwa na vifaa vya kunyolea. Bwana Armand alikwenda kujifungia chooni. Mwanaume mmoja mwenye kitambaa mkononi akaingia akauliza fundi ni nani hapa.

"Wakakulazimisha," Soizic akasema. Halikuwa swali. Alikuwa akimwomba. "Walikulazimisha, sivyo, Mama?"

Léontine alimtazama kwenye kioo.

"Hapana, mwanangu. Ningeweza kusema mashine mbovu. Ningeweza kusema mimi mfagiaji tu, na kweli nilikuwa mfagiaji. Sikuwahi hata kumnyoa mtu. Aliuliza fundi ni nani, na mimi nikasema: mimi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu wote walikuwa wananitazama, na hakuna aliyetoa sauti ya kuku."

"Na kicheko? Ulikuwa unacheka, Mama. Mtu mzima alikuwa analia mbele yako, wewe unacheka!"

"Hakulia," Léontine akasema. "Laiti angelia. Nilicheka kwa sababu nilifurahi. Unataka nikudanganye? Dakika zile chache nilikuwa na furaha kuliko siku zote nilizokaa Paris. Ndilo jambo lenyewe hilo. Kunyoa mtu si kitu, nywele huota."

Soizic alichukua begi lake, ambalo hata hakuwa amelifungua vizuri, akaenda kulala kwao Gaïd. Alikaa huko siku tisa. Akipita mbele ya saluni alibadili upande wa barabara. Si unyoaji uliomkaba rohoni, alimwambia Gaïd. Ni ile furaha. Alikuwa ameishi miaka kumi na tisa na mtu asiyemjua, na mtu huyo alimwogesha, akamlisha, akamwimbia alale.

Siku ya kumi Léontine alipiga hodi kwao Gaïd akiwa amevaa koti la kanisani.

"Nimefunga saluni. Nakwenda Paris kumtafuta. Ukitaka njoo, hutaki basi, sitakulaumu."

Soizic akachukua begi lake. Paris walibadili treni mpaka kituo cha mashariki, na kutoka hapo Léontine hakuuliza njia. Alitembea moja kwa moja, akakata kona mbili, akasimama. Ilipokuwa saluni ya Bwana Armand palikuwa na duka la rangi za kuta. Jengo la pili, bibi mlinda mlango alikuwa akifagia baraza.

"Mnamtaka nani?"

"Bibi Odette," Léontine akasema. "Alikuwa mshonaji. Lakini atakuwa alihama zamani."

"Ahame kwa nini? Ghorofa ya tatu, kulia. Yupo tangu kabla ya vita."

Léontine alishika nguzo. Miaka thelathini alikuwa amemwazia Odette popote: Ubelgiji, Marekani, kaburini. Hakuwahi kufikiri kwamba mwanamke yule alikuwa akishuka ngazi zilezile kila asubuhi, akipita mlango uleule, akinunua mkate kwa watu walewale waliosimama kwenye ile picha.

Walipanda. Soizic alibisha yeye, maana mkono wa mama uliinuka ukashuka. Mlango ukafunguka kidogo, ukazuiwa na mnyororo. Jicho moja likachungulia, likatua kwa Soizic, na mlango ukataka kufungwa. Kisha ukasimama.

"Haiwezekani," sauti ya mwanamke ikasema. "Wewe ungekuwa umezeeka."

"Ni mwanangu," Léontine akasema kutoka nyuma. "Mimi nipo hapa, Bi Odette. Ni Léontine."

Maji yalisikika yakipita kwenye bomba la ukutani.

"Titine," sauti ikasema, kwa jina fupi alilomwita enzi za ufagio. "Kumbe una jina zima." Kisha: "Unataka nini?"

"Nimekuja kuomba..."

"Najua wote wanaokuja hapa huja kuomba nini. Wewe si wa kwanza, usijione wa maana." Mnyororo ukaanguka. "Msichana aingie. Wewe kaa hapo hapo."

Soizic alimwangalia mama yake. Léontine akamwashiria kwa kichwa kumwambia nenda, akaketi kwenye ngazi na koti lake la kanisani, mkoba magotini.

Ndani, chumba kilikuwa kidogo na kisafi kupita kiasi, na cherehani dirishani. Odette alikuwa mwanamke mrefu wa miaka sitini hivi, kilemba cha kitambaa kichwani. Alimmiminia Soizic sharubati ya zabibu na maji, akaketi mbele yake akamkagua bila haya.

"Nilivyokuona nilidhani nakufa. Wanasema mtu akifa huletewa watu wake."

"Nisamehe, bibi."

"Wewe una kosa gani? Kunywa." Akangoja anywe. "Amekwambia nini? Kwamba nilikuwa nafua nguo za Wajerumani tu? Watu wema hupenda kusema hivyo siku hizi, wakitaka kunitakasa."

"Hajasema hivyo. Amesema ulikuwa na Mjerumani. Na kwamba alifurahi kukunyoa."

Odette alipepesa macho. Hilo hakulitarajia. Aliishika meza kwa mikono miwili.

"Alisema hivyo? Kwa mdomo wake?"

"Ndiyo."

"Basi huyo ndiye wa kwanza kusema kweli katika mtaa huu." Akaiachia meza. "Nilimpenda yule mwanaume. Sikumsaliti mtu, sikumtaja mtu, nilimpenda tu, akauawa, na sikupata pa kumlilia. Wote waliokuja hapa mlangoni walisema walilazimishwa. Mpaka nikajiuliza, sasa aliyewalazimisha ni nani, ikiwa kila mtu alilazimishwa?"

Akainua mikono, akafungua kilemba. Nywele zikaanguka, nyeupe, nzito, zikapita mabega, zikapita mgongo, zikafika kwenye kiti na kukunjamana hapo.

"Tangu siku ile," Odette akasema, "hakuna mkono wa mtu uliogusa kichwa hiki. Hata daktari. Hapa aliponikata sikio nilishona mwenyewe, kwenye hiki kioo, kwa uzi wa hariri." Akasukuma nywele kando. Kovu lilikuwa dogo, limeshonwa vizuri mno. "Sasa nenda. Mwambie mama yako sijamsamehe, na asirudi. Na mwambie asikae kwenye ngazi zile, ni za mawe, atapata baridi ya kiuno."

Mlango ukafungwa, mnyororo ukarudishwa. Soizic alimfikishia mama yake ujumbe wote kama alivyopewa. Léontine alisikiliza mpaka mwisho.

"Amesema hivyo? Kuhusu baridi?"

"Ndiyo, Mama."

Ndipo Léontine alipolia, kwa sauti, pale pale ngazini, mpaka mlango wa chini ukafunguliwa, mtu akachungulia. Soizic hakumkumbatia. Alimshika kiwiko tu, akamshusha hatua kwa hatua mpaka barabarani.

Mwezi Oktoba, Jumamosi, saluni ikiwa imejaa wanawake wanaojiandaa kwa harusi ya binti wa mwokaji, Léontine alizima draya zote mbili za kukaushia nywele kwa mpigo. Wateja wakadhani umeme umekatika. Soizic alikuwa kwenye beseni akisuuza taulo, kwa sababu alikuwa amerudi nyumbani, ingawa hakuwa amerudi kama zamani. Mama yake alisimama katikati na kuwasimulia yote, pamoja na kicheko. Hakuchukua muda mrefu.

Alipomaliza mke wa mfamasia, aliyekuwa mteja wake kwa miaka kumi na minane, akavua shuka la begani, akalikunja, akaliweka kwenye kiti. Akatoka na rola zote kichwani, nywele mbichi, akaifuata barabara ya bandari mchana kweupe mbele ya mji mzima. Wengine wanne walibaki. Mmoja wao, kikongwe aliyekuwa chini ya draya ya dirishani, alikaa akiitazama mikono yake mwenyewe kwa muda mrefu, kisha akasema, "Washa hii mashine, Léontine. Napata baridi."